Ile Ziada ni Mali ya Nani?

Mwezi Aprili mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Nyuklia ya Ufaransa ilitangaza habari ambayo kwa mtu wa kawaida haikuwa na kishindo chochote. Katika kinu cha nyuklia kilichokuwa kikijengwa Flamanville, pwani ya Normandy, chungu kikuu cha chuma kilikuwa na kasoro kwenye kifuniko na kwenye kitako chake. Kulikuwa na sehemu zenye kaboni ya asilimia 0.30, mahali ambapo haikupaswa kuzidi asilimia 0.22. Vipande vya majaribio vilivyokatwa kutoka katika kifuniko kingine cha aina hiyo hiyo vilivunjwa kwa nyundo ya maabara. Kwa wastani vilimeza nishati ya jouli 52, na kimoja kilimeza 36 tu. Kanuni zilidai 60.

Hakuna aliyekufa. Hakuna mvuke uliovuja, maana kinu chenyewe kilikuwa bado hakijawashwa. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu hiyo hasa. Maadili ya ujenzi na ya mitambo, kama tunavyoyazungumza kwetu, husubiri maiti kwanza. Ghorofa ikiporomoka ndipo tunapouliza nani aliiba saruji. Swali ninalotaka kuliuliza hapa ni jingine: je, mtu anaweza kuwadhulumu wenzake kwa namba tu, hata kama namba hiyo haitamjeruhi yeyote?

Mimi si mhandisi. Nasoma lugha na ualimu, hapa Uganda. Lakini jambo hili halihitaji hesabu ngumu ili lieleweke, na wale wanaoambiwa kwamba haliwahusu ndio watakaoishi jirani na vyungu hivyo.

Tuanze na chungu chenyewe. Ndani yake hukaa fueli ya urani, na maji hupita humo yakiwa na joto la nyuzi 300 hivi bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo la zaidi ya mara 150 ya hewa tunayovuta. Ukuta wake ni chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 20. Mabomba yanaweza kubadilishwa, pampu zinaweza kubadilishwa, hata kifuniko kinaweza kubadilishwa kwa gharama kubwa. Mwili wa chungu hauna spea. Kikipasuka, hakuna chombo kingine kilichowekwa akiba ili kulishika tukio hilo kama kwamba halikutokea. Kwa hiyo wahandisi husema chungu hiki hakiruhusiwi kupasuka, na wakishasema hivyo wanabaki na kazi moja, ya kuonyesha kwamba wanakijua chuma chao.

Wanakijuaje? Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Georges Charpy alieneza jaribio ambalo linatumika mpaka leo. Hukatwa kipande kidogo cha chuma, urefu milimita 55, upana na unene milimita 10, kikachongwa mfuo wa umbo la V katikati. Kisha nyundo ya bembea huachiwa kutoka juu ikivunje. Baada ya kukivunja, nyundo huendelea kupanda upande wa pili. Ikipanda kidogo tu, maana yake chuma kimemeza nguvu nyingi kabla ya kukubali kuvunjika. Ikipanda sana, basi kimevunjika kama kigae.

Ni jaribio zuri, ila ukishalifanya kipande hakipo tena. Huwezi kukivunja kifuniko cha kinu ili kujua kama kitavunjika, halafu ukakitumia. Unavunja kipande cha pembeni, kilichoachwa kwa makusudi hayo, halafu unasema kwamba sehemu nyingine yote ni kama hicho. Kila cheti cha chuma kilichopo duniani kinazungumza juu ya chuma ambacho hakijajaribiwa. Kilichojaribiwa kimeshatupwa.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Karatasi anayopewa mhitimu wa chuo tunaiita shahada, na neno hilo ni la ukoo mmoja na shahidi na ushahidi. Cheti cha chuma nacho ni shahada kwa maana hiyo ya zamani: ni mtu anasimama na kusema, nashuhudia kwamba nisichokiona kiko kama nilichokiona. Ushahidi wa namna hiyo unaweza kuwa wa kweli neno kwa neno, na bado ukapotosha.

Ndivyo ilivyokuwa Flamanville. Vifuniko hivi vilianza kama donge moja kubwa la chuma kilichoyeyushwa, lenye uzito wa zaidi ya tani 100. Donge kubwa kiasi hicho halipoi lote kwa pamoja. Linaanza kuganda nje, na kadiri linavyoganda, kaboni husukumwa kuelekea kwenye majimaji yaliyobaki, ndani na juu. Mhunzi anayelijua donge lake hukata sehemu ya juu na kuitupa, ndipo aanze kufua. Safari hii kilichokatwa hakikutosha, na kaboni ikabaki katikati ya kifuniko. Vipande vya kupimia vilikuwa vimekatwa ukingoni, na ukingoni chuma kilikuwa kizuri. Mpimaji hakusema uongo. Alionja mahali alipoelekezwa kuonja.

Mama anayepika mchuzi huonja kijiko kimoja na kuhukumu sufuria nzima, na yuko sahihi, kwa sababu amekoroga. Akifanya hivyo kwa wali, atajua habari za juu tu, na ukoko utamwaibisha mbele ya wageni. Chuma kizito ni wali, si mchuzi. Anayesema "kipimo ni 60" bila kusema kimepimwa wapi, vipande vingapi, na kile cha chini kabisa kilikuwa kiasi gani, amepakua juu juu.

Sasa niingie kwenye kiini cha hoja yangu, yaani ziada. Wahandisi wanajua kwamba chuma si sawa kila mahali, na kwamba sahani mbili za kiwanda kimoja, za siku moja, zitatoa majibu mawili. Kwa hiyo hawajengi kwa wastani. Huchukua kiwango cha chini ambacho chuma hakipaswi kukipungukia, kisha wanakigawanya tena. Desturi hiyo ilinunuliwa kwa damu. Tarehe 20 Machi 1905, mjini Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ililipuka, ikaruka kupitia dari, na watu 58 wakafa. Miaka 2 baadaye jimbo hilo likatunga sheria za boila. Mwaka 1914 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kikakamilisha kanuni yake ya kwanza ya boila. Bamba lenye uwezo wa kubeba mzigo wa 5 liliruhusiwa kubebeshwa 1. Kadiri elimu ya chuma na ya kuunganisha kwa kuchomelea ilivyokua, kigawanyo kwa vyombo vya shinikizo kilipunguzwa kikawa 4, na mwaka 1999 kikawa 3.5.

Tazama pengo hilo kati ya 1 na 5, au kati ya 1 na 3.5. Ni chuma halisi, kimenunuliwa kwa pesa halisi, na siku nyingi halifanyi kazi yoyote. Mwenye kiwanda akiliangalia, anaona hasara. Mhandisi mchanga akiliangalia, anaona woga wa wazee. Je, pengo hilo ni mali ya nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni la aliyelilipia. Silikubali. Pengo hilo liliwekwa kwa ajili ya mambo tusiyoyajua: donge lililopoa vibaya, fundi aliyechoka, ufa uliojificha chini ya mshono. Aliyewekewa ni yule atakayekuwa karibu siku mambo hayo yatakapojitokeza, yaani kuli, mpita njia, mtoto wa shule iliyo ng'ambo ya ukuta. Kiwanda kinalishika tu. Katika lugha yetu kitu cha namna hiyo kina jina: ni amana. Na kuhusu amana wazee wetu hawakuwa na maneno mengi. Ukiachiwa fedha na jirani aliyesafiri, ukazitumia wiki mbili, ukazirudisha kabla hajarudi, hakupoteza hata senti. Bado umefanya hiana.

Mwaka 2016 hoja hii iliacha kuwa ya vitabuni. Kampuni ya Areva, iliyokuwa ikimiliki kiwanda cha uhunzi cha Creusot Forge kilichofua vifuniko vile, ilieleza kwamba ukaguzi wa kumbukumbu zake umeibua majalada yapatayo 400 yenye kasoro, mengine ya tangu mwaka 1965. Vipimo vilivyokuwa ndani ya kiwanda havikulingana na vilivyopelekwa kwa wateja. Kwingine viliachwa, kwingine vilibadilishwa. Vipande karibu 50 kati ya hivyo vilikuwa vikifanya kazi katika vinu vya Ufaransa. Kimojawapo kilikuwa katika jenereta ya mvuke ya kinu cha pili cha Fessenheim. Donge lake, lililofuliwa mwaka 2008, halikukatwa ipasavyo, na mamlaka haikuambiwa. Cheti chake kikasimamishwa Julai 2016. Baada ya uchunguzi mrefu kipande kikaonekana kinafaa, na mwaka 2018 kinu kikaruhusiwa kuwashwa tena.

Kikaonekana kinafaa! Hapo ndipo mtetezi wa kiwanda anapopata nguvu, na ni haki tumsikilize vizuri, kwa sababu si mjinga. Atasema: msimamizi wa uhunzi ana miaka 30 kazini. Mbele yake kuna kipande cha tani nyingi, na kipimo kimesoma 59 badala ya 60. Anajua kwamba nyundo ile ile, ikivunja kipande cha jirani kabisa, ingeweza kusoma 65. Tofauti ya kipimo na kipimo ni kubwa kuliko hiyo jouli moja. Anajua pia kwamba mhandisi ameweka ziada juu ya ziada. Atupe chuma chote hicho, achome makaa mengine na umeme mwingine, kwa ajili ya namba ambayo bahati ingeweza kuigeuza? Akiandika 60, nani ameumia?

Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alisimulia habari ya mwenye meli aliyejishawishi kwamba meli yake chakavu iko salama, akaipeleka baharini na abiria wake. Clifford alisisitiza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia ya mtu huyo isingepungua, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Ni hoja nzito, na nimeiona ikitumiwa kama kwamba inamaliza mjadala. Lakini kwa msimamizi wetu haitoshi. Yeye hakujidanganya. Huenda anaamini kwa haki kabisa, kwa miaka 30 ya kuviona vyuma, kwamba kipande ni kizuri. Kwa Clifford angeweza kutoka mahakamani akiwa huru.

Kosa lake liko penye kalamu. Kwanza, ametumia ziada isiyo yake. Kama ana hakika, njia iko wazi: aandike 59, apeleke ombi, aseme sababu, na wale waliokabidhiwa kuilinda ile amana waamue kama jouli moja inaweza kutolewa humo. Kile kigawanyo kiliposhushwa kutoka 5 hadi 4 na kutoka 4 hadi 3.5, watu walikaa vikao, wakabishana, wakapiga kura, wakachapisha. Ziada ilipungua sana kuliko jouli moja, na sioni hiana yoyote hapo. Yeye amefanya jambo dogo kuliko hilo, lakini amelifanya usiku.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, amewaharibia watu ambao hatakutana nao kamwe. Majedwali ambayo wahandisi wanatumia hayakuteremka kutoka mbinguni. Yamejengwa kwa maelfu ya vipimo kama hicho chake. Mtawanyiko wa vipimo hivyo, yaani umbali kati ya cha juu na cha chini, ndio unaomwambia mhandisi aweke ziada kiasi gani. Kila 59 inapogeuzwa 60, mkia wa chini wa jedwali unakatwa kidogo. Miaka 20 ikipita, mtu mwaminifu kabisa, akiwa na karatasi safi mbele yake, ataona chuma hiki kina tabia nzuri ajabu, hakishuki kamwe chini ya 60, na atapendekeza, kwa nia njema na kwa hesabu sahihi, kwamba ziada ipunguzwe. Uongo wa msimamizi haukuwa katika kifuniko chake. Uliingia kisimani, na wengine wakachota.

Kwa hiyo "hakuna aliyeumia" ni jibu la swali ambalo halikuulizwa. Oktoba 2017 kampuni ya Kobe Steel ya Japani ilikiri kwamba data za bidhaa zake nyingi zilikuwa zimechezewa, na huko nako ilionekana mazoea yalianzia kwenye ruhusa ndogo za kupokea mali iliyopungukiwa kidogo, mradi mteja akubali. Baadaye mteja akasahaulika kuulizwa. Nadhani hiana nyingi za kitaaluma huanza hivyo, kwa ruhusa halali iliyoachwa ikazoeleka.

Kuna mfano wa upande wa pili ambao napenda tuutazame, kwa sababu si wa malaika pia. Mwaka 2012 huko Ubelgiji, ukaguzi wa kinu cha Doel 3, na baadaye Tihange 2, ulionyesha maelfu ya nyufa ndogo bapa ndani ya ukuta wa chungu, zilizosababishwa na haidrojeni tangu chuma kilipofuliwa. Huwezi kukata kipande cha chungu chenyewe, kwa hiyo wakatafutwa mashahidi wa badala. Mmoja alikuwa kipande cha jenereta ya mvuke kilichokataliwa kiwandani kwa sababu ya kasoro kama hizo, kilichojulikana kwa namba VB395. Kikawekwa kwenye mionzi ya kinu cha utafiti ili kizeeshwe haraka. Matokeo ya mwaka 2014 hayakutarajiwa: kilikuwa kimekuwa dhaifu kuliko makadirio yalivyosema. Machi mwaka huo vinu vyote viwili vikazimwa.

Hapa ndipo kishawishi kinapokuja kikiwa kimevaa joho la sayansi. Wamiliki walikuwa na sababu za kusema kwamba VB395 ni chuma cha peke yake, hakiwakilishi vyungu vile. Huenda ilikuwa kweli. Kila jedwali lina kipimo kimoja kinachokaa mbali na wenzake, na kila mwanafunzi aliyefanya utafiti anajua utamu wa kukifuta kwa kukiita "kisicho cha kawaida". Hawakukifuta. Walieleza kwa nini wanakiona tofauti, na bado wakauongeza udhaifu wake katika hesabu za vyungu vyenyewe, kama kwamba vilikuwa vibaya vivyo hivyo. Novemba 2015 vinu vikaruhusiwa kuwashwa. Wapo walioendelea kupinga, hasa majirani wa Ujerumani, na sina uwezo wa kuamua nani alikuwa sahihi kuhusu chuma. Ninachoweza kusema ni kwamba waliopinga walipinga wakiwa na namba ile mbaya mikononi mwao. Shahidi mkorofi hakutolewa nje ya ukumbi.

Turudi Flamanville, maana hadithi yake haikuisha vizuri hivyo. Vifuniko zaidi vya aina ile vilitolewa kafara, vikakatwakatwa na kuvunjwa. Mwaka 2017 mamlaka, baada ya kukusanya maoni ya umma, iliamua kwamba chungu kinaweza kutumika. Chuma kilikuwa dhaifu kuliko kilivyoahidiwa, lakini kilichobaki kilitosha, kwa sharti kwamba kitako kikaguliwe mara kwa mara na kifuniko kibadilishwe kabla ya mwisho wa 2024, kwa kuwa njia ya kukikagua ipasavyo kikiwa kazini haikuwa imethibitishwa. Baadaye, mwaka 2023, tarehe hiyo ikasogezwa mbele. Desemba 2024 kinu kikaanza kutoa umeme, kikiwa na kifuniko kile kile.

Kila hatua ilifanywa mchana, na nyaraka zipo. Kwa kipimo nilichoweka mwenyewe hapo juu, ningepaswa kuridhika. Siridhiki kabisa, na sababu yake ni wakati. Kasoro ilipothibitishwa, chungu kilikuwa kimeshawekwa mahali pake na kuunganishwa. Umma uliulizwa wakati ambapo neno "hapana" lilikuwa na gharama ya mabilioni ya yuro, na umma huo huo ungelipia kwa namna moja au nyingine. Amana iliombwa kwa adabu, lakini iliombwa ikiwa tayari mfukoni. Sisemi wahandisi wa mamlaka walipindisha hesabu. Sina ushahidi wa jambo hilo na siamini. Nasema kwamba ukweli uliochelewa hupunguza uhuru wa anayeambiwa, hata kama haupunguzi usahihi wa aliyesema. Kaboni ile ingeweza kupimwa katikati ya kifuniko kabla hakijaondoka uhunzini.

Na sisi? Serikali ya Uganda inapanga kujenga kituo cha nyuklia wilayani Buyende, na majirani zetu Kenya na Rwanda wana mipango yao. Hatuna uhunzi wa kufua chungu cha aina hii, na nchi zilizo nao ni chache. Chuma kitakuja kwa meli, kikiwa kimeambatana na majalada. Wahandisi wetu watakaoyapokea hawataweza kuvunja kitu chochote kuhakikisha, watasoma tu. Nimewasikia watu wakisema kwamba mafunzo makubwa tunayohitaji ni ya kuendesha mitambo. Sawa, lakini kuna kazi ya kusoma inayotangulia, na ni kazi ya mtu mkaidi: kurudisha jalada linalosema tu "kimefaulu", kudai orodha ya vipande vyote na si wastani wao, kuuliza kila kimoja kilikatwa wapi kwenye donge, na kuuliza kwa nini cha saba hakipo.

Ndani ya vinu vya aina hii huwekwa vidonge vya chuma vilivyofungiwa vipande vile vile vya milimita 55, karibu na ukuta wa chungu, ili vipigwe mionzi pamoja nao. Baada ya miaka kadhaa kidonge kimoja hutolewa na vipande vyake huvunjwa kwa nyundo ya Charpy, kisha kingine, mpaka mwisho wa maisha ya kinu. Kama Buyende itajengwa, kidonge cha mwisho kitafunguliwa na mtu ambaye leo hajazaliwa. Ataweka namba yake kando ya namba tulizopokea sisi siku ya kwanza, na atahitaji kujua kama zile za kwanza ziliandikwa kama zilivyosomwa.